Nyanya zinalala kila saa saba mchana, hapa Ipogolo. Nimwagilie au niache?

MkeWaFundi (Ipogolo, Iringa)

Kamwene wadau.

Watu wa Dar wakisikia Iringa wanawaza sweta. Waje Oktoba hii. Asubuhi kweli kuna kabaridi, lakini ikifika saa nne upepo umeshaanza kusukuma vumbi la barabara kuu, na saa saba huwezi kukanyaga kibaraza peku. Mvua tunaisubiri mwishoni mwa Novemba, Mungu akijalia.

Nina kabustani nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa jikoni na uzio wa bati. Ni matuta manne ya mita moja kwa sita hivi, nimeyainua vizuri kama nilivyoona kwetu wakilima: mawili ya nyanya aina ya Tanya, moja la hoho, na moja nimegawanya chainizi na mchicha. Samadi ya ng'ombe niliweka, ilikuwa imekaa na kuiva.

Sasa yanayonikuta ni haya. Nyanya zinalegea mchana, majani yananing'inia utadhani zimemwagiwa maji ya moto, jioni zinasimama tena. Maua yanapukutika, ukigusa tu kikonyo yanabaki mkononi. Matunda ya kwanza yamefika ukubwa wa yai la kuku halafu chini yanaingia weusi, pamebonyea, pagumu kama ngozi. Chainizi nimechuma mara chache tu, tayari imepiga shina juu na kutoa maua ya njano. Mchicha peke yake ndio haujali kitu.

Maji ni ya mgao. Yakitoka tunajaza simtanki la lita 1,000 na madumu, na hayo hayo tunapikia, tunafulia, na mume wangu akirudi saiti na saruji mwilini naye anayataka. Bustani inapata keni mbili tatu za lita 10 asubuhi na mbili tatu jioni, nanyunyizia kote pasipo upendeleo.

Ushauri niliopewa: jirani anasema nimwagilie mara tatu kwa siku, pamoja na saa saba zikiwa zimelala. Mama mkwe anasema maji ya mchana yanababua majani, nisithubutu. Duka la pembejeo nilikopeleka tunda wameniuzia dawa ya ukungu na chupa ya busta, bado sijafungua. Na kuna anayeniambia ninunue neti ya kivuli nifunike yote.

Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja. Nianze na nini?

---

Kaka_Mashine3

Dada mwagilia tu mchana, mmea ukilala unaomba maji, hiyo haihitaji shahada. Mimi nafanya hivyo na nakula nyanya.

---

KijanaWaUyole (Mbeya)

Dada, hiyo chupa ya dawa usiifungue, kaombe kurudishiwa hela kama risiti unayo. Huo weusi wa chini ya tunda si ukungu. Unaitwa kuoza kitako. Tunda linakosa madini ya kalisi wakati linakua, na kalisi husafiri ndani ya mmea ikibebwa na maji. Leo udongo umelowa, kesho umekauka kau, keshokutwa umelowa tena: safari inakatika, na sehemu ya mwisho kabisa ya tunda ndiyo inakosa. Udongo unaweza kuwa na kalisi ya kutosha na bado kitako kikaoza. Yaliyooza hayaponi, yachume uyatupe ili mmea usiendelee kuyalisha. Yanayofuata yatatoka safi ukituliza maji. Na kabla hujaambiwa usage maganda ya mayai: yanachukua muda mrefu sana kuoza, nyanya za msimu huu hayatazisaidia.

Maua: nyanya huanza kupata shida ya kuchavua mchana ukipita kama nyuzi 32, au usiku ukibaki juu ya nyuzi 21 hivi. Usiku wa Iringa una ubaridi hata Oktoba, kwa hiyo usiku mtoe kwenye lawama. Shida yako ni mchana, na nahisi ni hapo hapo ulipo, kati ya ukuta na bati. Bati liko upande gani wa bustani?

Halafu kuhusu mama mkwe na jirani. Kwamba matone ya maji yanachoma jani la nyanya juani ni maneno ya watu, hayana ukweli wa kutisha. Lakini kumwagilia saa saba kwa kunyunyiza juu ni kuyapa jua maji yako ya mgao. Kama unatumia mpira, kuna jambo jingine: maji yaliyolala ndani ya mpira juani yanatoka ya moto kweli kweli, hayo yaache yapite kwanza kwenye ndoo. Kwa hiyo mama mkwe yuko sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na hilo sikushauri umwambie.

---

MkeWaFundi

Asante kaka. Na hilo la mwisho limenichekesha, sitathubutu.

Bati liko mashariki. Ukuta wa jikoni uko kusini. Magharibi ni wazi kabisa hadi kwa jirani, na upepo unaingilia huko huko na kutokea upande wa barabara. Mpira sina, ni keni.

---

KijanaWaUyole (Mbeya)

Basi ndivyo nilivyodhani. Jua la alasiri linatoka magharibi, linapiga nyanya usoni, halafu linagonga bati na kurudi kuzipiga mgongoni. Na katikati ya Oktoba jua la saa sita linapita karibu utosini kabisa kwenu Iringa, kwa hiyo ukuta wa jikoni haukupi kivuli chochote cha maana mchana. Anza kwa kulifunika hilo bati: viroba vilivyochanika, mabua, matete, chochote kisichong'aa. Baadaye ukipata mvua pandisha maboga au maharage ya kutambaa.

---

Bibi wa Vinyungu (Kalenga)

Kamwene mwanangu MkeWaFundi, na wewe kijana wa Uyole, umesema vizuri.

Mimi nimelima vinyungu, bustani za bondeni penye unyevu, tangu nikiwa binti, kwa hiyo nianze na neno lako moja, kwamba umeyainua matuta "kama nilivyoona kwetu wakilima". Kwenu ni wapi? Kama ni kama kwetu, uliona matuta ya kinyungu, bondeni. Kule tuta linainuliwa kwa sababu maji yako chini, ukichimba jembe mbili unayakuta, na mzizi usipoinuliwa unaoza. Kiangazi chote kinyungu kinakunywa kwa chini, wewe kazi yako ni palizi tu. Ipogolo nyuma ya nyumba, juu ya kifusi cha ujenzi, chini kuna nini? Tuta lililoinuliwa pale linakauka kutoka juu, linakauka kutoka ubavuni, na upepo unapita katikati ya matuta kama kwenye varanda. Mahali pakavu tuta linabonyezwa, haliinuliwi. Unachimba udongo wa juu unauweka kando uwe kingo, katikati panakuwa chini kidogo ya njia unayokanyaga, kina cha kiganja hivi, unachanganya samadi, unapanda humo. Maji ukimwaga yanakaa. Upepo unapita juu.

Sasa usikurupuke kufumua matuta yenye nyanya zinazozaa, mizizi utaikata na utazidisha hicho kitako. Hayo acha. Vuta tu udongo wa kingo uzunguke kila shina, ufanye kisahani, maji yabaki pale. Msimu ujao ndio ubonyeze.

La pili. Kabla ya kumwagilia kesho, shika udongo. Chomeka kidole hadi mwisho wake, pembeni kidogo ya shina. Nitakuambia utakachokuta: juu pamelowa, kidole kikifika nusu ni vumbi. Tuta lako la mita moja kwa sita ni mita za mraba sita. Jua na upepo kama huu vinaweza kunywa kina cha milimita tano kwa siku, na milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Piga hesabu: lita 30 kwa tuta moja, ndoo kubwa moja na nusu. Wewe unagawa keni hizo zote kwa matuta manne. Maji yanalowesha ngozi ya udongo, mizizi nayo inapanda kuyafuata huko juu, na huko juu ndiko kunakoungua. Hata ukimwagilia mara tatu kama jirani anavyotaka, kama ni kwa kunyunyiza, unaifundisha mizizi kukaa juani.

Kwa hiyo maji yako machache yagawe hivi. Leo matuta mawili, kesho mawili. Lakini linalopata zamu lipate kweli, ndoo na nusu au mbili, taratibu, kwenye shina, si juu ya majani. Mwaga kidogo, nenda tuta la pili, rudi. Udongo mkavu una tabia ya kuyakataa maji mwanzoni, ukimwaga yote mara moja yanakimbilia njiani. Saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa nzuri. Nyanya ikitoka jioni imelowa majani na usiku una baridi, hapo ndipo bakajani, ule ugonjwa wa ukungu wa majani, linapopata nafasi.

Ndoo zikikupungukia, maji ya kuoshea mchele na mboga mwaga bustanini, na ya kusuuzia nguo yale ya mwisho yenye povu kidogo. Yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiyaguse.

La tatu, na hapa ndipo ningeweka hela yako yote kama ungekuwa mtoto wangu: matandazo. Udongo wako uko uchi. Tafuta nyasi kavu ambazo hazijatoa mbegu, au mabua ya maharage, au maganda ya mpunga, hayo ya mashine yanapatikana kwa bei ya kubebea tu. Lowesha tuta kwanza hadi chini, ndipo utandaze, maana ukitandaza juu ya udongo mkavu umefunika ukavu. Unene wa vidole vinne. Usiegemeze nyasi kwenye shina, acha duara ukubwa wa kisosi, shina lipumue. Maganda ya mpunga ni mepesi, na upepo wa Iringa utayapeleka Kihesa, kwa hiyo tandaza maganda, nyunyizia maji, halafu juu weka nyasi zilale. Chungulia mara kwa mara kama mchwa hawajaja. Wakija, vuta nyasi za hapo uzianike juani, hawapendi kuwa wazi.

Ukimaliza, weka mkono chini ya nyasi saa saba mchana, halafu weka mkono kwenye njia pembeni. Hutaniuliza tena.

Neti sikuzuii. Ila usinunue ile nyeusi nzito ya kufunikia magari. Kwa nyanya kivuli cha asilimia 30 au 40 kinatosha, ikizidi zinarefuka, zinakuwa na majani tele na tunda hakuna. Mimi natumia chanja: nguzo nne, fito juu, matete yaliyoachiana nafasi ya vidole viwili, na upande wa magharibi nateremsha mabua hadi kiunoni. Hayo mabua yanavunja na upepo. Usikaze sana, upepo upite kidogo kidogo. Ukiuziba kabisa unaruka juu na kuangukia ndani kwa nguvu zaidi.

Mbolea ya chumvichumvi sasa hivi acha, na hiyo busta iweke kabatini. Mmea wenye kiu haulishwi.

Na usipunguze majani. Najua watu hupenda kuyakata ili "tunda lipate jua". Tunda la nyanya likipigwa na jua la Oktoba moja kwa moja linapata baka jeupe begani, linalainika, linaoza. Jani ndilo mwavuli wake.

(Vinyungu vyenyewe siku hizi sivilimi tena kando ya mto. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye maji, na mita 60 kwenye bonde letu ni kinyungu chote. Ndiyo maana hata mimi nimejifunza kubonyeza matuta uzeeni.)

---

Kaka_Mashine3

Bibi shikamoo. Lakini mimi nasisitiza, mmea ukilala mchana una kiu. Huwezi kuniambia nikiwa na kiu nisubiri kesho asubuhi saa kumi na mbili.

---

Bibi wa Vinyungu (Kalenga)

Marahaba mjukuu. Wewe una miguu ya kukimbilia kivulini, nyanya haina. Jani likinyongea mchana linajipunguzia eneo la kupigwa na jua, na maji yanatoka kwa haraka kuliko mzizi unavyoweza kuyaleta hata kama udongo umelowa. Maboga ndiyo usiseme, yanalala kila siku na yanazaa. Mmea usiuamulie mchana. Uamulie asubuhi kabla jua halijapanda. Asubuhi ukiwa umesimama, hauna kiu. Asubuhi ukiwa bado umelala, hapo ndipo kuna neno, na neno lenyewe ni moja kati ya mawili: udongo ni mkavu hadi chini, au mmea unaumwa.

---

MamaBusokelo (Tukuyu)

Ndaga sana Bibi. Nawasoma huku nimevaa buti za mvua 😀. Wenzangu wa Rungwe msije mkayachukua haya yote mkayamwaga kwenye bustani zenu. Huku tunapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mimi nikitandaza nyasi nene kwenye kabichi, siku ya pili konokono wameshafanya harusi chini yake. Tuta la kubonyea huku ni bwawa. Matandazo tunaweka kwenye migomba na kahawa, na mboga zinapata kidogo tu, tena mbali na shina.

---

Mpunga_na_Jua (Pawaga)

Nyie mnaolia joto la Ipogolo njooni huku bondeni mjue joto ni nini 😂

Ila niseme jambo la maana. Sisi huku nyanya hatushindani na Oktoba. Tunasia mbegu mapema ili maua yaje Juni na Julai, baridi ikiwa juu kwenu na kwetu hali ikiwa ya wastani. Oktoba bustani ya nyumbani inakuwa na bamia, matembele, kunde za majani, mlenda na mchicha. Hizo ni za jua, zinataka maji kidogo tu ya kuanzia. Chainizi na kabichi ni mboga za baridi, dada, ikishapiga shina hairudi nyuma, hakuna maji wala busta itakayoizuia. Chuma majani yaliyobaki kabla hayajawa machungu, na hilo shina changa lenye maua bado halijafunguka lipike, ni tamu kuliko majani. Pale pa chainizi chomeka matembele.

Maganda ya mpunga huku tunayachoma moto kwa kukosa pa kuyaweka. Magari ya mchele yanapanda mjini kila mara, ongea na dereva yeyote akuletee viroba.

---

MkeWaFundi

Jamani, nimekaa nimesoma mara mbili. Bibi shikamoo, sikukusalimu. Kwetu ni Ilula, na matuta niliyoona ni ya bondeni kweli.

Asubuhi hii nimeamka kabla ya jua nikaenda na tochi ya simu. Kidole kimeingia, Bibi, yametokea yale yale: juu tope, chini vumbi jekundu. Hilo nimelielewa, na tuta la kwanza la nyanya nimelipa ndoo mbili taratibu kama ulivyosema, limezinywa zote.

Lakini nimeona kitu kingine. Nyanya zote zimesimama isipokuwa tatu, ziko pamoja kwenye kona ya chini ya tuta la pili, karibu na bomba. Hizo asubuhi bado zimelala, na majani ni ya kijani kabisa, hayana manjano wala madoa. Udongo wa hapo ndio wenye unyevu kuliko kote kwa sababu bomba linadondosha. Nikageuza jani la nyingine ya jirani yake nikakuta chini kuna vidoa vya njano kama nukta na utando mwembamba kama wa buibui. Je, ni kitu kimoja?

---

KijanaWaUyole (Mbeya)

Ni vitu viwili. Utando na nukta ni utitiri mwekundu, anapenda majani yenye joto, kiu na vumbi, na wewe uko kando ya barabara ya malori. Chukua maji kwenye chupa yenye tundu la kurusha, yapige chini ya majani kwa nguvu asubuhi na mapema, kila baada ya siku mbili tatu. Majani yaliyojaa utando chuma uyachome. Dawa za kuua wadudu wengine zinaua na wanaomla utitiri, kwa hiyo usikimbilie kupuliza.

Hizo tatu zinanitia wasiwasi zaidi. Usizimwagilie. Fanya hivi: kata shina la moja karibu na ardhi kwa kisu, kipande cha urefu wa kidole. Weka maji safi kwenye glasi ya kuonea, ning'iniza kipande hicho ncha iliyokatwa iguse maji, usitikise. Subiri dakika chache ukiangalia kwa kuinamisha macho sawa na glasi. Tuambie unaona nini.

---

MkeWaFundi

Nimefanya mezani, watoto wote wamejaa. Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu kutoka kwenye ncha ukaanza kushuka uzi mweupe, mwembamba kama moshi wa ubani uliogeuzwa chini juu, ukafika chini ya glasi ukatandaa. Sasa maji yote yana ukungu wa maziwa. Na shina nilipolipasua, ndani pembeni kuna rangi ya kahawia.

---

KijanaWaUyole (Mbeya)

Pole dada. Huo ni mnyauko wa bakteria. Uzi mweupe ni bakteria wenyewe wanamiminika kutoka kwenye mishipa ya maji ya mmea. Wameiziba, ndiyo maana umelala juu ya udongo uliolowa. Dawa ya kuutibu mmea ulioshikwa hakuna, na ungemsikiliza jirani ungemwagilia pale mara tatu kwa siku na kuwasambaza tuta zima, kwa sababu wanapenda joto na unyevu na wanasafiri na maji.

---

Bibi wa Vinyungu (Kalenga)

Ng'oa hizo tatu leo, na mbili zilizopakana nazo hata kama zimesimama. Ng'oa na udongo wa kwenye mizizi, tia kwenye kiroba, usiburute juu ya tuta. Choma. Usitupe kwenye mboji wala kwa mbuzi wa jirani. Kisu na jembe osha kwa sabuni, na malapa uliyovaa pia. Bomba lizibwe leo hii, huyo fundi ana kazi gani?

Kona hiyo izungushie kijitaro ili maji yake yasiteremke kwa wenzake. Usirudishe hapo nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa, wote ni ukoo mmoja na wanaugua pamoja. Tumbaku hulimi, kwa hiyo siitaji. Weka mahindi, au vitunguu, au mchicha wako huo usiojali kitu.

Na hoho zako ziko tuta la ngapi? Ziko juu au chini ya hilo?

---

MkeWaFundi

Juu yake Bibi, maji yanatoka kwenye hoho kuja kwenye nyanya.

---

Bibi wa Vinyungu (Kalenga)

Basi una bahati. Hoho zimwagilie kwanza kila zamu, na tuta hilo la pili liwe la mwisho, usitoke huko ukarudi juu na miguu ile ile.

---

Kaka_Mashine3

Nimenyamaza. Ila Bibi, mimi zangu nikimwagilia mchana mbona zinazaa?

---

Bibi wa Vinyungu (Kalenga)

Una maji mengi, mjukuu, na udongo wako labda ni mzuri. Tandaza nyasi tuta moja, lingine acha kama lilivyo, halafu linganisha bili.

---

MkeWaFundi

Nimeng'oa tano, zimeungua. Fundi amefunga bomba kabla ya kula, nilimsomea maneno ya Bibi kwa sauti. Viroba vimeshaning'inia kwenye bati, havipendezi hata kidogo na mama mkwe ameuliza kama tunahama.

Mpunga_na_Jua, nimepata dereva anayepanda kesho jioni na maganda, anataka hela ya soda tu. Nyasi nitakata kesho asubuhi kule juu ya mlima, zipo tele na zimekauka, nitachagua zisizo na mbegu. Neti nimeiacha. Duka la pembejeo wamekataa kurudisha hela, wamenibadilishia kwa mbegu za bamia.